Kumi na Tano

Jana asubuhi niliinama ufukweni kulichagua fungu la tasi, ambalo muuzaji alikuwa amekwisha kumwambia kila mnunuzi aliyenitangulia kwamba bei yake ni shilingi 16,000 pasipo kupungua hata thumuni. Mtu yule alinitazama usoni, akatabasamu kama aliyeokota lulu ndani ya chaza, kisha akatamka kwa sauti ya kusikiwa na soko zima: "Kwako wewe, bwana, kumi na tano. Najua ndiyo desturi yako." Wachuuzi wakacheka, wapaa samaki wakaacha visu hewani, na mimi, ambaye tangu kupata akili sijapunguziwa bei ya samaki bila ya kwanza kuapa, kuondoka na kuitwa nirudi, nilipokea punguzo lile kwa uchungu ambao nyongeza ya shilingi 10,000 isingeweza kunitia. Nililipa, nikachukua tasi wangu, nikaenda zangu nikiwa nimefahamu kwamba fedheha iliyonipata Pemba wiki 3 zilizopita imekwisha kuvuka bahari, tena imevuka salama zaidi kuliko nilivyovuka mimi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Usiku wa Idi ya mwaka jana, watu watatu tulioketi barazani kwa kahawa chungu na kashata tulipeana ahadi kwamba mwaka utakaofuata tutasafiri pamoja kila tupatapo nafasi, hatutauacha urafiki wetu uliwe na kazi kama boriti iliwavyo na mchwa, na kila mmoja wetu atajifunza sanaa moja, ya mikono au ya ulimi, ambayo hajapata kuijua. Daktari alichagua udi. Mwalimu, afundishaye hesabu, alichagua kushona kofia za mkono. Na mimi nilichagua ushairi, si kwa sababu ya kipawa, bali kwa sababu udi una bei na uzi una bei, ilhali maneno, kwa kadiri nilivyodhani wakati ule, hupatikana bure. Miezi 9 baadaye Daktari alipeleka posa Wete, Pemba, posa ikakubaliwa, na ikaamuliwa kwamba zawadi yangu harusini itakuwa shairi.

Mtu mwenye akili timamu hapeleki karafuu Pemba, na shairi ni karafuu ya pili ya kisiwa kile, maana ndicho kilichowalea Kamange na Sarahani, mabingwa wa karne ya 19, ambao wazee niliowakuta huko waliwataja kama mtu atajavyo ami zake waliotoka kidogo kwenda shamba. Lakini ghururi ni pombe isiyo na harufu. Nilipanda chombo nikiwa na beti 12 mfukoni, zilizoandikwa kwa wino mweusi, na vina kwa wino mwekundu, nikasimama ubavuni mwa chombo ili nizighani mbele ya Mlango wa Pemba, ambao kina chake huhesabiwa kwa mamia ya mita. Upepo wa kusi ulikuwa juu. Nilifika ubeti wa nne, nikasita, nikauinamia ukingo, na yote niliyokuwa nimekula alfajiri ile yakaifuata bahari. Nilidhani ni mawimbi. Sasa naamini kwamba bahari ilikuwa mhakiki wa kwanza, nami sikuielewa lugha yake.

Baada ya nikahi tuliketishwa mikekani chini ya turubai, wanawake wakiwa upande wa pili wa pazia, pilau imekwisha kushuka, halua imekwisha kupita, na kahawa inazunguka katika vikombe visivyo na mkono. Nilipewa kipaza sauti. Nikaanza kughani, na ubeti wa kwanza ulipofika kwenye kibwagizo chake, ambacho ndicho kilichokuwa fahari yangu na ambacho kilirudi katika kila ubeti, sauti yangu ilipanda yenyewe kama tanga lililopata joshi:

"Furahi leo furahi, daktari keshaoa."

Vigelegele vilipigwa. Safu ya mbele alikaa mzee mmoja mwenye kanzu ya rangi ya maziwa na tasbihi ya kaharabu, naye alikuwa akizisukuma punje zake moja moja kila nilipotamka, macho ameyafumba, midomo yatikisika kidogo, nami nikadhani kwamba ananiombea dua. Ubeti wa pili ulipita hivyo. Ubeti wa tatu ulipokwisha, mzee alifumbua macho, akainua mkono wenye tasbihi kwa upole, akasema: "Mwanangu, hebu rejea hicho kibwagizo." Moyo wangu ulijaa. Nilikirejea kwa mahadhi ya juu zaidi. "Rejea tena," akasema. Nilikirejea mara ya pili, mkono kifuani, nikiwatazama watu kulia na kushoto kama sultani aliyetoka kutoa sadaka. Mzee akaishikilia punje moja kati ya vidole viwili, akaionyesha kwa walio karibu naye, akasema bila ya ukali wowote:

"Kumi na tano."

Turubai zima likanyamaza. Kisha nikaona jambo ambalo sijaliona katika hadhira yoyote nyingine duniani: wanaume wapatao mia, wavuvi, makarani, mashehe, mpishi aliyeshika upawa, wote wakiinamia mikono yao na kukunja vidole, midomo ikienda kimya kimya, fu, ra, hi, le, o. Na kabla hawajamaliza, ikaja sauti ya bibi mmoja kutoka upande wa pili wa pazia: "Kumi na tano, hata huku!"

Hapa sina budi kusimama nieleze, kwa kuwa asiyeijua mizani ataniona nililia kwa kuchomwa na mwiba, na aijuaye atanisamehe kusema niliyoyajua kwa kuchelewa. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo umegawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani 8, hivyo mshororo mzima ni 16, wala si 17, wala si 15. Mwishoni mwa kila kipande kuna kina. Haya si mambo ya siri: Sheikh Kaluta Amri Abedi aliyaandikia kitabu chake cha sheria za kutunga, kilichopigwa chapa mwaka 1954, na kabla ya kitabu yalikuwako masikioni, kwa sababu shairi la Kiswahili halikutungwa kwa ajili ya jicho. Lilitungwa liimbwe, na mshororo uliopungua mizani humfanyia mwimbaji vile ngazi iliyopungua kipago humfanyia mtu ashukaye gizani.

Lakini mizani ni nini hasa? Hapo ndipo niliponaswa, na nakiri kwamba hata leo, pamoja na aibu yote, jambo hili hunikosesha usingizi kwa utamu wake. Mizani haijali maana wala ukubwa wa kitu. Nzi ana mizani mbili, n na zi. Ndovu naye ana mbili, ndo na vu. Maana yake ni kwamba katika shairi, nzi na ndovu wakipandishwa mizani huwa sawasawa, wala hakuna kinyongo. Mbu ana mbili na mbuzi ana mbili, kwa kuwa ile m ya mbu imesimama peke yake na kujitegemea, na ya mbuzi imepanda mgongoni mwa b kama mtoto abebwavyo. Nyangumi, mkubwa wa viumbe vyote baharini, ana tatu. Kumbikumbi, awezaye kuliwa kwa konzi, ana nne, kwa hiyo mtunzi aliyepungukiwa atafute kumbikumbi, asihangaike na nyangumi. Mizani ya sokoni muuzaji huweza kuidanganya kwa kidole gumba. Mizani ya shairi haina mahali pa kutia kidole, na kwa sababu hiyo ni chombo cha haki kupita vyote tulivyonavyo pwani hii.

Basi, neno "daktari" lina ngapi? Mimi nililizoea tangu utotoni kwa makofi, da, k, ta, ri, makofi manne, na kwa makofi hayo kibwagizo changu kilitimia 16 bila ya kasoro. Wako watunzi waihesabuo k ile. Wako wasioihesabu, wasemao kwamba "dak" ni kauli moja isiyopasuliwa, na bahati yangu ilikuwa kwamba wote wasioihesabu walialikwa harusini. Mzee alinifafanulia mbele ya watu kwa staha kama mwalimu wa chuoni: neno hilo likiandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo ndizo wazee wetu walizoandikia tenzi zao karne kwa karne, kila herufi itembeayo hupewa irabu, fataha au kasra au dhuma; lakini ile kafu ya daktari hutiwa sukuni. "Na sukuni, mwanangu," akasema, "ni kukaa kitako. Kafu imekaa kitako. Aliyekaa kitako hahesabiwi miongoni mwa waendao."

Angeliishia hapo ningalirudi nyumbani na nusu ya heshima. Walakini alisema, kwa huruma ambayo ilizidi ukatili: "Endelea, mwanangu, usione haya." Zilikuwa zimebaki beti 9, na katika kila mmoja wa beti hizo, kibwagizo kilekile, kafu ileile, imekaa kitako vilevile. Katika ubeti wa nne nilijaribu kulivuta neno, "daaaktari", nikaambiwa kwamba kuvuta si kuongeza. Katika ubeti wa tano nilitamka "dakitari", mzee akahesabu, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema, "Hiyo sasa ni kumi na sita. Lakini huyo dakitari ni nani? Tuliyemwozesha sisi ni daktari." Kuanzia ubeti wa sita watu waliacha kunisubiri wakawa wanahesabu kwa sauti, wanaume kwa wanawake, kwa mpigo mmoja kama makasia, na watoto ambao kabla ya usiku ule hawakujua kuhesabu zaidi ya kumi waliongezewa elimu, ikaishia kumi na tano.

Nilipomaliza ubeti wa kumi na mbili, mzee aliinuka, akanikumbatia, akanong'ona katika kipaza sauti ambacho mimi sikukumbuka kukizima: "Ungesema hivi." Kisha akaghani, kwa sauti iliyochakaa lakini iliyonyooka:

"Furahi leo furahi, tabibu ameshaoa."

Tabibu! Ta, bi, bu. A, me, sha, o, a: nane. Neno lenyewe lilikuwako siku zote, karibu na mkono wangu kama miwani juu ya paji la uso la mtu anayeitafuta. Turubai lililipuka. Waliuimba mshororo ule mpaka saa sita ya usiku, wakauimba wakati wa kumpeleka bwana harusi, na nasikia kwamba Wete bado unaimbwa, ukijulikana kuwa ni wa mzee yule. Ndiyo kusema kwamba katika kazi yangu ya miezi mitatu kipande kimoja tu ndicho kilichosalimika, nacho si changu tena. Ami wa bibi harusi, alipokuwa akinisindikiza mlangoni, alinikumbusha kuwa mimi natoka Tanga, mji unaojivunia Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Akanitazama kwa masikitiko ya kweli, akasema: "Kumbe mlikuwa na mmoja tu."

Katika safari ya kurudi jawabu lilinijia, kama majawabu yote mazuri, pasipo na mtu wa kuambiwa ila fungu la kamba na kuku wawili ndani ya tenga. Ikiwa kafu ya daktari haihesabiwi kwa kuwa haina irabu, mbona ile m ya "mtu" nayo haina irabu na inahesabiwa? Nilitaka chombo kigeuzwe. Lakini kadiri nilivyolitamka neno hilo, mtu, mtu, mtu, mpaka nahodha akanitazama, ndivyo nilivyosikia kwamba katika "mtu" mkazo wenyewe unaiangukia ile m. Ndiyo ibebayo neno, kama nguzo fupi ibebavyo paa. Ile k ya daktari haibebi kitu. Imepachikwa pale kama msafiri aliyening'inia mlangoni mwa basi. Mzee alikuwa na haki. Ni jambo zito kumshinda mtu katika hoja na kisha kugundua, kabla ya kufika bandarini, kwamba hukumshinda.

Mwalimu wa hesabu alikaa karibu nami, akanifariji kwa namna ya watu wa fani yake. "Beti 12, mishororo 4, mizani 16," akasema, "jumla 768. Umepungukiwa na 12. Umetimiza 756, yaani zaidi ya asilimia 98. Darasani kwangu hiyo ni alama ya juu kabisa." Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu usiku ule. Kisha kicheko kikanikauka, kwa kuwa hesabu ile aliitoa upesi mno, bila ya kalamu, bila ya kufikiri, kama mtu aliyeifanya zamani. Nilimwuliza: uliijua lini? Akayatazama mawimbi. Aliijua tangu mara ya kwanza nilipomsomea, barazani kwangu, miezi mitatu kabla ya harusi. "Sikutaka kukuvunja moyo," akasema.

Sikutaka kukuvunja moyo! Hapa nitauweka ucheshi kando kidogo, maana neno hili bado lanikereketa. Nilimsomea mtu huyu shairi lile mara zisizopungua kumi. Nililisoma kivukoni Pangani, nikalisoma ndani ya basi la Mombasa, nikalisoma mbele ya sahani zake za wali zikapoa. Na kila mara alisema "Mashaallah" na kuomba chumvi. Hakutaka kunivunja moyo kwa mdomo mmoja, faraghani, penye mto wa kuegemea na saa za kutosha za kurekebisha. Akauacha moyo huo uvunjwe na midomo mia, ugenini, kwa kipaza sauti. Sisi watu wa pwani tumeifanya staha kuwa pazia la uvivu wetu. Mtoto amezaliwa, mashaallah. Halua imeungua chini, mashaallah. Mtu anatembea mbele yako na kanzu yake imechanika nyuma, mashaallah, mpaka afike msikitini. Ukimwambia mtu kosa lake huitwa mgomvi, na ukimficha huitwa muungwana, wala hakuna aulizaye ni nani aliyelipa nauli ya uungwana huo. Hasira hii si mzaha. Urafiki usioweza kuhesabu mpaka 16 mbele ya rafiki ni wa nini, ikiwa mgeni aliyeshika tasbihi anaweza?

Nilimwambia Mwalimu maneno hayo, yote, kwa ukali, naye akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa utaratibu: "Na udi wa Daktari, je?" Nikanyamaza. Udi una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja wa peke yake, na Daktari kwa miezi 9 alikuwa akituburudisha kwa nyuzi ambazo hakuna mbili zilizokuwa zimesikizana. Nami kwa miezi 9 nilikuwa nikifumba macho, nikitikisa kichwa, nikisema tunachosema sote. Ameoa siku ya Alhamisi. Jumamosi mkewe alimwambia udi wake haujatiwa sauti. Bibi yule nimemheshimu tangu hapo.

Mengineyo ya mwaka huu hayana urefu. Lamu, punda alinibana ukutani katika kichochoro, akapita yeye, nikabaki mimi na chapa ya chokaa. Mombasa tuliingia usiku kwenda kuzuru mitaa aliyotembea malenga Muyaka bin Haji, tukazuru ile ambayo hakuitembea. Kofia ya Mwalimu, baada ya miezi 7 ya sindano, imemfaa dafu. Bagamoyo ilinyesha.

Nilipofika nyumbani nilikaa wiki mbili, nikatunga shairi jipya la beti tatu, juu ya bahari na usafiri na marafiki, nikilihesabu kila mshororo kwa vidole, kisha kwa makofi, kisha kwa punje za tasbihi niliyoinunua makusudi. Nikaepuka daktari, daftari, maktaba, labda, na kila neno lenye mtu aliyekaa kitako ndani yake. Nikamsomea Mwalimu. Akahesabu waziwazi, mbele yangu, akasema ziko zote. Sikumwuliza zaidi, na yeye, kwa kuwa anajifunza, alitaka kusema neno akalimeza. Nikalitia katika bahasha pamoja na hoja yangu ya ile m ya mtu, nikampa msafiri aipeleke Wete kwa mzee.

Jibu limefika leo, saa chache baada ya kuandika habari za tasi hapo juu. Juu ya hoja ya m hakusema kitu. Karatasi ina mstari mmoja tu, kwa mwandiko wa wima:

"Mizani zimetimia, shairi bado kuwamo."

Nimehesabu mara mbili, kwa vidole. Kumi na sita.